Sudo inakufa, git inakufa, na Jumatatu inakuja

Mnajua niko mwaka wa nne, na ripoti ya projekti ilitakiwa Jumatatu. Ijumaa usiku ndo mashine ikaamua kunionyesha.

Natumia Gentoo, ile Linux ambayo karibu kila programu unaijenga mwenyewe kutoka kwenye kodi. Mashine yangu ni Core 2 Duo, kizee kabisa. Kwa hiyo wiki ile nilichomoa diski, nikaichomeka kwenye mashine ya mshikaji ninayekaa naye chumba kimoja. Yake ni mpya, ina kasi. Nikajenga programu huko, nikarudisha diski kwangu.

Nawasha, inawaka vizuri. Naandika sudo: "Illegal instruction". Git: hivyo hivyo. Dhcpcd nayo chali, yaani hakuna intaneti. Na sura zangu mbili za mwisho ziko kwenye tawi jingine la git! Jasho likanitoka.

Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa cha kijinga: nilimgombeza mshikaji, kwamba ameichezea diski yangu. Akaniangalia tu, akatoka.

Cha pili, nikashuku RAM. Nikaacha memtest86+ usiku kucha. Asubuhi, hakuna kosa hata moja. Hapo nikatulia, nikafikiri. RAM mbovu haichagui: leo inaangusha hiki, kesho kile. Hapa zilikuwa zinakufa zile zile kila mara, na bash, ls na gcc ziko nzima.

Git ilipoanguka tena nikaandika echo $?. Ikajibu 132. Toa 128, inabaki 4, namba ya SIGILL: prosesa imepewa amri isiyoijua. Dmesg nayo ikasema "invalid opcode". Nikafungua make.conf, na mstari ni wa mkono wangu mwenyewe: -march=native. Maana yake, tumia kila amri ambayo prosesa hii inaijua. Prosesa ipi sasa? Ya mshikaji! Yake ina AVX, iliyoanza na prosesa za 2011. Core 2 Duo ilitoka 2006. Zilizopona ni zile zilizokuja zimeshajengwa kwenye stage3, kwa mashine yoyote ya biti 64.

Dawa: nikaingia kwa su, nikaandika -march=x86-64, nikajenga upya kila nilichoongeza pamoja na maktaba zake. Kodi zilikuwa bado kwenye diski, kwa hiyo intaneti haikuhitajika. Kizee kikakoroma kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, mimi naomba umeme usikatike. Git ikafunguka. Sura zote zipo.

Ripoti nimepeleka jana. Mshikaji nimemwomba radhi, nikamnunulia chipsi mayai. Kala, kacheka, lakini kaniambia diski yangu hataki tena kuiona kwake. Haki yake.