Paka wa uani

Kesho naenda mazoezi ya kufundisha, wiki 8. Huku Magomeni nilikopanga kuna paka jike wa mtaani, nimemlisha dagaa tangu mwaka wa kwanza. Nikajiona mwema kweli. Sasa ana mimba, na mimba ya paka ni kama siku 65 tu. Nikirudi atakuwa keshazaa. Mama mwenye nyumba kaniuliza, "Mwanangu, umeshamzoesha, nani atamlisha na wanawe?" Nikakosa jibu. Kumbe kulisha bila kumfunga uzazi ni kuongeza wenye njaa. Dagaa nimemwachia mama. Bumu likiingia, safari hii linaanzia kwa daktari wa mifugo. Niombeeni, jamani!