Kama majambazi waliingia kwako usiku, useme nini mbele ya OPJ

Kila mara majambazi wanapoingia kwa nyumba ya watu hapa Kolwezi, iwe komini ya Dilala ao ya Manika, mimi nafika asubuhi na mikro yangu, na karibu kila familia inanipa hesabu ileile: televizio, simu tatu, paneli ya jua, pesa ya kodi. Vitu vinatajwa kimoja kimoja. Lakini mlango uliovunjwa, panga iliyowekwa kwenye shingo ya baba, hayo yanasemwa kwa ufupi, ao yanafichwa sababu ya haya.

Mbele ya tribinali ni kinyume. Waamuzi wanatafuta kwanza namna wezi walivyoingia na namna walivyowatendea ninyi. Katika kode penale yetu, wizi wa kawaida (kifungu cha 80) hauzidi miaka 5 ya gereza, na unahukumiwa kwa tribinali ya amani. Kama walivunja mlango, walipanda ukuta, walikuja usiku kwa nyumba inayokaliwa, ao walijiita polisi na kumbe ni waongo, kifungu cha 81 kinafika miaka 10, na kesi inapanda kwa tribinali kubwa. Kama walipiga watu ao waliwatisha, kifungu cha 82 kinatoa toka miaka 5 mpaka 20. Kisha kuna 81 bis, ya mwaka 1968: wizi wa kutumia silaha, hukumu ni kifo. Na wengi wanadhani silaha ni bunduki tu. Hapana. Chombo cha kukata, cha kutoboa ao cha kupondea, kikishikwa kwa kupiga watu, ni silaha.

Juu ya kifo, nchi ilisimamisha kuua wafungwa tangu 2003, halafu barua ya Waziri wa Sheria ya tarehe 13 Machi 2024 ikafungua tena mlango huo, hata kwa ujambazi wa mijini unaoua mtu. Watu wengi mtaani walifurahi. Mimi sikufurahi. Ninaona kwanza faili zinazofika tribinali zikiwa nusu, panga haimo, majeraha hayamo, karatasi ya daktari haimo. Jambazi wa kifungu cha 82 anahukumiwa kwa kifungu cha 80, kisha tunashangaa kumuona tena sokoni.

Ndugu zetu waliokimbia Kasai tangu vita ya Kamuina Nsapu ya 2016 wana woga mwingine. Mama mmoja, mpangaji wa chumba kimoja na watoto wanne, aliniuliza: «Nitaenda kushitaki nini, baba? Nyumba si yangu, na kadi yangu ilibaki njiani.» Nilimwambia mama, sheria inasema nyumba inayokaliwa. Haisemi nyumba yenye karatasi za kiwanja. Anayelala ndani, ndiye aliyeibiwa. Na kushitaki wizi si kazi ya kulipia, hata mtu akikuomba pesa ya karatasi.

Alienda Jumatatu pamoja na jirani aliyesikia kelele. PV iliandikwa kwa Kifaransa. Kabla ya kutia sahihi aliomba asomewe kwa Kiswahili, akasikia orodha ya sufuria na magodoro. Akamwomba OPJ aongeze panga, na saa: ilikuwa saa nane ya usiku.