Kabla Hujalipa Kodi ya Ghala

Mwanangu mpendwa,

Baba yako ameniambia umepata ghala la viazi la kupanga hapo Mjimwema, Njombe, na kwamba unataka kuligeuza ukumbi mdogo wa maigizo, wewe ukiwa mwongozaji. Nimefurahi sana. Ila kabla hujalipa kodi na kununua taa, nisikilize shangazi yako.

Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, nchini Kenya, walijijengea jukwaa la wazi. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliwaandikia mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, na Kimani Gecau akauongoza. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wakulima na vibarua waliokuja kutazama walisahihisha nyimbo, wakasahihisha hata namna mzee anavyozungumza na kijana. Kwa hiyo mchezo ulipofunguliwa, kijiji kizima kiliona ni mali yake. Serikali ilifuta kibali Novemba, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka, na 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Sikuombei misukosuko hiyo. Nataka uige yale mazoezi ya mlango wazi.

Na mchezo wa kuanzia unao karibu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, wengi tuliijua shuleni, nayo inaviangalia Vita vya Majimaji kutoka upande wa Rufiji. Sisi Wabena je? Septemba 1905 watu wa chifu wetu, Mtwa Mbeyela, waliishambulia misheni ya Yakobi, hapohapo jirani na Njombe mjini. Nenda Yakobi ukae na wazee. Sikiliza wanakumbuka nini, na wanakataa kusema nini. Hapo pa kukataa ndipo penye mchezo. Kisha waalike kwenye mazoezi, uwaache wakukosoe mbele ya waigizaji wako. Itakuuma. Vumilia, maana mwongozaji asiyekosolewa na watu wake huishia kuwafundisha wanachokijua kumzidi.

Utaambiwa utafute mfadhili. Maigizo ya miradi, leo Ukimwi, kesho vyandarua, yamewalisha wasanii wengi nchini, na ukipewa kazi hiyo ifanye vizuri. Lakini usikubali ikale siku zenu zote za mazoezi. Toza kiingilio, hata kiwe kidogo kiasi gani. Kijana wa bodaboda aliyelipa ataguna mchezo ukimchosha. Aliyeletwa na mradi atangoja soda kwa adabu. Mapato yahesabiwe usiku uleule, wote wakiona. Hesabu za sirini zimevunja vikundi vingi kuliko umaskini.

Afisa utamaduni umwone mapema kuhusu usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), usingoje wiki ya onyesho.

Halafu hilo bati la paa la ghala. Kuanzia Novemba mvua ikilipiga, hata mwigizaji mwenye sauti ya kengele hatasikika. Mwenye ghala akikataa kuweka dari, mwombe akupangishe kwa miezi ya kiangazi tu. Juni na Julai baridi ni kali, kwa hiyo anza saa kumi jioni, watu wawahi kurudi kwenye moto wao.

Mazoezi ya kwanza yafanyeni nje, hapo uwanjani kwenu, Jumapili baada ya ibada. Niambie ni lini. Kutoka Makambako nitapanda basi la asubuhi, na nitakuja na mashuka mazito mawili ya mavazi.

Shangazi yako