Sarafu Juu ya Sindano, Milimani Taita

Ukiteremka Voi, msomaji, iwe ni kwa basi la Mombasa au kwa garimoshi la SGR lililoanza safari mwaka 2017, wa kwanza kukulaki ni vumbi jekundu. Ndilo hilo linalowapaka ndovu wa Tsavo rangi hata mgeni akadhani wamezaliwa hivyo. Liweke akilini, maana tutalikuta tena.

Panda matatu ya Wundanyi. Mtapita mkonge wa Mwatate, kisha barabara itaanza kujipinda na kupanda mpaka masikio yazibe. Taita Taveta ndiko alikozaliwa Fadhili William mwaka 1938, yule aliyeurekodi wimbo wa Malaika ukavuma dunia nzima. Aliaga dunia mwaka 2001, na ubishi juu ya nani hasa aliutunga haujaisha. Tuuache.

Mwenyeji wangu alikuwa na santuri moja ya enzi hizo, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, mali ya marehemu babake. Alitaka mamake mzazi, ajuza wa miaka themanini na ushei, aisikie tena. Akaiweka. Mistari miwili tu, sindano ikaruka. Ikaruka tena.

"Mbona siku hizi anaimba kwa kwikwi?" bibi akauliza.

Nilipoinama nikaona sarafu ya shilingi imebandikwa kwa utepe juu ya kichwa cha sindano. Wajukuu walitaka isiruke! Msomaji, kama nawe una gramafoni, kaiondoe sarafu yako leo hii. Vichwa vingi vya kisasa huhitaji gramu 1.5 hadi 2.5 tu, na shilingi peke yake inapita hapo. Sindano iliyolemewa hukwangua kuta za mfereji, na sauti iliyokwanguliwa hairudi. Lakini usiiache nyepesi mno pia, kwani hurukaruka na kuumiza vilevile.

Tulianza na vumbi letu la Voi: brashi laini, ukifagia sindano kutoka nyuma kuja mbele. Kisha sakafu. Nyumba za milimani zina mteremko wake, na mkono wa gramafoni huufuata. Tukaazima pimamaji ya fundi mwashi, tukatia kipande cha kadibodi chini ya mguu wa meza.

Halafu uzani ulio nyuma ya mkono. Rudisha kwanza sifuri kile kitufe cha kuzuia mkono usivutwe ndani, kisha uzungushe uzani hadi mkono uelee sawasawa hewani, kama mizani ya dukani isiyo na kitu. Ukishikilia uzani usisogee, geuza pete ya namba peke yake isome sifuri. Sasa zungusha uzani pamoja na pete hadi namba aliyotaja mtengenezaji wa kichwa. Chetu kilitaka 2. Kitufe nacho kipe namba hiyohiyo, kwa kuwa santuri ikizunguka huuvuta mkono kuelekea katikati, na ukuta mmoja wa mfereji ukabeba mzigo zaidi.

(Zile gramafoni za sanduku zenye vichwa vya kizamani hutaka uzito zaidi, na nyingi hazina cha kurekebisha.)

Tukaweka tena. Pale palipokwanguliwa pakakwaruza kidogo, na patakwaruza daima, lakini sindano ikapita. Bibi alifumba macho mpaka mwisho.

"Geuza," akamwambia mwanawe. "Upande wa pili ndio babako alioupenda."