Tunguu la Mama

Washairi wa visiwani wameimba asumini, kilua na mlangilangi, maua yanayojulikana kwa harufu hata kabla hayajaonekana. Huku kwetu Chemba, katika nyanda kame za Dodoma, lipo ua lisilo na harufu ya kusifiwa. Ni mviringo mwekundu kama kaa la moto, uliofumwa kwa vijiua vyembamba makumi kwa makumi juu ya kikonyo kimoja. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Huchomoza mvua za kwanza zinapoanguka, mara nyingi kabla ya majani yake, na baada ya siku chache hunyauka.

Kinachobaki ni tunguu: magamba manene yaliyokumbatiana chini ya ardhi kama kitunguu cha jikoni, ila hili lina sumu, haliliwi. Visiwani mna masika na vuli. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ardhi hukauka kama kigae, na apitaye uani hudhani hapana kitu.

Mama alilichimbua tunguu lake mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, Serikali ilipoagiza wananchi wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Nyumba ya tembe haibebeki, wala kaburi halibebeki. Alibeba mtama, kinu na watoto. Tunguu alilifunga katika pindo la kanga. Alilipanda kando ya mlango mpya, na mwaka ule halikuchanua, kwani tunguu lililohamishwa huweza kupitisha msimu mzima bila ua, likijenga mizizi. Majirani walimcheka kwa kuzungushia miiba udongo mtupu.

Kanuni zake zilikuwa chache. Usichimbue majani yangali mabichi, maana ndiyo yanayolilisha tunguu kwa mwaka ujao. Ngoja yageuke manjano na kulala yenyewe. Mizizi minene usiikate. Vitoto vilivyojitenga vichukue, vilivyong'ang'ania viache. Hifadhi kivulini, pakavu penye hewa. Novemba panda katika kichanga chenye samadi iliyooza, shingo ikiwa sawa na uso wa ardhi. Wala usimwagilie kabla ya mvua: maji ya huruma huliozesha tunguu lililolala.

Mama alipofariki tuligawana shamba, ng'ombe na mabati. Matunguu hayakuhesabiwa. Kiwanja kilipouzwa, niliomba siku moja ya kuchimba, nikapata matunguu 17. Ndugu yangu akaniuliza kwa nini nisipande mbegu tu. Nikamjibu kuwa mbegu ni mtoto, hurithi huku na huku, na huchukua miaka kabla ya kuchanua. Kitoto cha tunguu ni mmea ule ule uliojiongeza. Ua litakalochanua kwangu ndilo lililochanua mlangoni petu pa kale, kabla ya lori kuja. Mama hatunaye, alichokibeba kingali hai, nacho si mfano wake, ni chenyewe.

Kilicho katika ua mmoja hufa kwa jembe moja. Kwa hiyo ndugu zangu watano nimewapa matunguu matatu kila mmoja, nikabaki na mawili. Mvua za kwanza zimepita na yangu hayajachanua. Nimeyazungushia miiba.