Dola 30 kwa Kurasa 12? Pitia Huku!

Mie ni mkutubi wa sekondari moja hapa Dar, kwa hiyo tusidanganyane: mwanafunzi wa siku hizi akipewa kazi ya utafiti, anadesa kile cha kwanza alichokiona kwenye simu, basi. Muulize kimeandikwa na nani, anakutumbulia macho.

Nikajifungia na kompyuta ya maktaba kusaka makala za wataalamu. Jamani! Unakuta kichwa kitamu, unabonyeza, mlango umefungwa: lipa dola 30 na ushee. Kwa kurasa 12! Si bora ninunue riwaya mbili tatu, wasome shule nzima?

Kumbe milango iliyo wazi ipo. DOAJ, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, inaorodhesha majarida ya bure tupu. JSTOR ukijiandikisha unasoma makala 100 kwa mwezi bila kutoa senti. Halafu kuna AJOL, ya tangu 1998, hii ni ya majarida ya Afrika yenyewe. Humo si kila kitu ni bure, lakini vya bure ni vingi.

Mwalimu wetu wa Kiswahili akanicheka, eti hayo mambo ya Kiingereza. Sikumjibu. Nikamfungulia Kioo cha Lugha, jarida la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mle mle ndani ya AJOL. Akavuta kiti. Mpaka kengele ya kutoka hakuinuka, na kompyuta yenyewe ni hiyo moja, vijana wa Kidato cha Sita wamejaa mlangoni wanasubiri zamu.