Kobe wa Nyika ya Garissa

Asafiriye kutoka Malindi kwenda Garissa kwa njia ya Garsen na Hola huandamana na Mto Tana sehemu kubwa ya safari. Mvua ikishanyesha, nyika ile ya migunga hugeuka kijani, na hapo kobe hujitokeza kula majani mabichi. Tuliwaona wawili wakivuka barabara kwa taratibu yao, na dereva akawangoja bila kunung'unika. Gamba lao limeinuka mfano wa kuba, la manjano lenye madoa meusi kama ya chui. Wasomali humwita kobe diin, jina ambalo sikio lililolelewa chuoni halikosi kugutuka kulisikia, ingawa ni maneno yaliyofanana tu.

Ndani ya gari letu alikuwamo kijana aliyebeba kobe mchanga katika kopo la maziwa ya unga, zawadi ya mdogo wake. Kobe huyo alikuwa na sentimita 5 hivi, akienea kiganjani, na hapo ndipo familia nyingi hudanganyika. Kobe wa nyika akikomaa huwa na urefu wa sentimita 30 hadi 45 na uzito wa kilo 10 hadi 20. Katika Pembe ya Afrika wamepatikana waliokaribia sentimita 70 na kupita kilo 40, si mbali na mfuko wa saruji. Tena huweza kuishi miaka 50 na zaidi. Apewaye mtoto leo, huenda akarithiwa na wajukuu.

Ua zetu za mjini ni finyu. Kobe afungiwaye ndani bila jua, akalishwa ugali na mkate, gamba lake hulegea na kupinda, ilhali chakula chake ni nyasi na majani. Habari ya mwanamke aliyemfungia paka haihitaji kusimuliwa upya kwa wasomaji wetu. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 nayo hairuhusu kumfuga bila kibali, na hilo kijana wetu hakuwa amelisikia kabisa.

Wenye watoto wanaotamani kobe na wawapeleke Haller Park, Mombasa, wakawaone wale wa asili ya Aldabra, ambao dume mzima hupita kilo 200. Jamaa zao wa kisiwa cha Changuu, Unguja, waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Au wapandishwe basi la Garissa mvua zikishanyesha, wakae upande wa dirishani.